Risala ya Klabu ya Historia na Uraia kwa Mgeni Rasmi: Jeshi la Marekani, Uchukuzi Wake na Ruhusa Zake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaitikia mwaliko wetu. Karibu sana.

Mada ambayo klabu imeifanyia kazi mwaka huu ni jeshi la Marekani na nafasi yake katika mambo ya dunia. Mada hii haikosekani vijiweni, na mara nyingi huishia kwenye ubishi wa hesabu: nani ana ndege nyingi, nani atampiga nani. Hesabu zenyewe ni kubwa kweli. Wanajeshi wa kudumu ni kama milioni 1.3, na wote wamejiunga kwa hiari yao tangu uandikishaji wa lazima ulipokoma mwaka 1973. Bajeti inapita dola bilioni 800 kwa mwaka. Lakini nchi iliyozungukwa na bahari mbili kubwa haimtishi mtu aliye ng'ambo kwa silaha zilizolala ghalani. Ndiyo maana risala hii itakaa zaidi kwenye mambo mawili ambayo wabishi huyaruka: uchukuzi na ruhusa.

Tuanze kwa ufupi na suala la nani anaamuru. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Amri ya vita hutoka kwake, hupita kwa Waziri wa Ulinzi, kisha huenda moja kwa moja kwa mkuu wa kamandi husika, yaani uongozi wa pamoja wa vikosi vya eneo au kazi fulani. Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, yule jenerali anayeonekana sana kwenye televisheni, ni mshauri; haongozi kikosi chochote vitani. Hapo wengi huangukia puani kwenye mtihani. Kamandi zenyewe ni 11. Ya Afrika, AFRICOM, ilianza kazi kamili tarehe 1 Oktoba 2008, na inasimamia bara zima isipokuwa Misri. Makao yake makuu yako Stuttgart, Ujerumani, kwa kuwa serikali kadhaa za Afrika hazikutaka yawe kwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye uchukuzi. Ndege kubwa ya mizigo aina ya C-17 ina nafasi ya paleti 18 za kijeshi, yaani sinia bapa za kupangia mizigo. Kila paleti ina upana wa sentimita 224 na urefu wa sentimita 274, na hubeba hadi tani 4.5. Ukizidisha utapata tani 81, ilhali uwezo wa ndege ni tani 77 hivi. Maana yake huwezi kuzijaza paleti zote hadi mwisho. Na kadiri unavyoongeza mzigo, ndivyo ndege inavyopungukiwa na umbali wa kuruka, hivyo unahitaji ama kiwanja cha kutua njiani, ama ndege nyingine ya kuijaza mafuta angani. Kifaru cha Abrams kina uzito wa zaidi ya tani 60. C-17 hubeba kimoja tu.

Kifaru hicho kikishafika, kinadai mafuta. Tangi lake huchukua lita 1,900 hivi. Vifaru 40 vikijazwa mara moja tu ni lita 76,000, na hapo hatujagusa malori, jenereta wala helikopta. Kwa sababu hiyo mzigo mzito wa vita vikubwa husafirishwa kwa meli, na meli zinahitaji bandari yenye kina, kreni, na mwenyeji aliyekubali.

Hata manowari ya kubeba ndege haijitoshelezi. Manowari ya aina ya Nimitz ina urefu wa mita 333, watu kama 5,000, na vinu viwili vya nyuklia vinavyoisukuma kwa zaidi ya miaka 20 bila kubadilishiwa nishati. Vinu hivyo havizipi ndege mafuta wala mabaharia chakula. Kila baada ya siku chache meli ya ugavi husogea ubavuni, zote mbili zikienda mwendo uleule, zikiachana kwa mita 50 hivi, huku mipira ya mafuta na nyaya za mizigo zikining'inia katikati. Nahodha mmoja akikosea usukani kidogo tu, meli zinagongana. Isitoshe, ukisikia Marekani ina manowari 11 za namna hii, usidhani zote ziko baharini. Kwa kawaida iliyo kazini ina mwenzake katika mazoezi na mwingine katika matengenezo.

Uchukuzi ukiwa mwingi bila mpangilio nao unakuwa tatizo. Katika vita vya Ghuba vya mwaka 1990 na 1991, Marekani ilipeleka askari zaidi ya 500,000, na matayarisho yalichukua karibu miezi sita. Makontena kama 40,000 yalipelekwa, na zaidi ya nusu ilibidi yafunguliwe moja moja kwa sababu hakuna aliyejua ndani mna nini. Kikosi kikichelewa kupata vipuri kiliagiza upya, mara mbili, mara tatu, na mlima wa makontena ukazidi kupanda. Baadaye ndipo wakaanza kuyafunga vifaa vya redio vinavyotaja kilichomo na mahali kontena lilipo.

Ila mfano unaofundisha kuliko yote, kwa maoni yetu, ni wa tarehe 24 Aprili 1980. Marekani ilitaka kuwaokoa watu wake waliokuwa mateka Tehran. Helikopta nane ziliruka kutoka manowari ya USS Nimitz, na ndege za C-130 zenye askari na mafuta zikatokea kisiwa cha Masirah, Oman. Zilipaswa kukutana usiku jangwani, ndani ya Iran. Mpango ulisema helikopta zikipungua sita, kazi isitishwe. Ya kwanza ilitelekezwa njiani baada ya taa kuonya kuwa panga lake la kurukia lina ufa. Ya pili ilikutana na wingu la vumbi, vifaa vyake vikaharibika, ikarudi. Sita zikafika, lakini moja kati ya hizo ilikuwa na pampu mbovu ya haidroliki. Zikabaki tano, na amri ya kusitisha ikatolewa. Wakati wa kuondoka, helikopta moja iliigonga C-130 iliyojaa mafuta. Wanajeshi wanane wakafa.

Tume iliyochunguza ilikuta kwamba vikosi vya matawi tofauti ya jeshi vilifanya mazoezi kila kimoja peke yake, na marubani hawakuwa wameandaliwa kukutana na vumbi lile. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria ya kuweka matawi yote chini ya mkuu mmoja wa kamandi, na mwaka 1987 ikaanzishwa kamandi ya vikosi maalumu. Na katika mwaka huohuo wa 1980, Marekani ilifunga mikataba na Oman, Kenya na Somalia ili itumie bandari na viwanja vyao. Hivyo ndivyo Mombasa ilivyoingia katika hesabu hizi.

Hapo ndipo suala la ruhusa linapokuja. Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki lilipiga kura kuhusu kuwapitisha askari 62,000 wa Marekani kwenda Iraq. Waliokubali walikuwa 264, waliokataa 250, na 19 hawakuegemea upande. Zilihitajika kura 267. Kwa upungufu wa kura tatu, meli zilizobeba zana za divisheni nzima zikiwa zinasubiri pwani ya Uturuki zililazimika kuzunguka kupitia Suez hadi Kuwait, na zilifika vita vimekwisha kuanza. Mwezi Novemba 2011 shambulio la NATO liliua wanajeshi 24 wa Pakistan. Pakistan ikafunga barabara ya mizigo ya jeshi kutoka Karachi kwenda Afghanistan hadi Julai 2012, na njia ya mzunguko ya kaskazini ikagharimu dola milioni 100 za ziada kila mwezi. Niger nayo ilifuta mkataba wake wa kijeshi na Marekani Machi 2024. Kufikia katikati ya Septemba wanajeshi wa mwisho walikuwa wameondoka, wakiacha kiwanja cha Agadez kilichojengwa kwa zaidi ya dola milioni 100.

Jibuti imechagua njia nyingine: inapangisha. Tangu mwaka 2014 Marekani inalipia kambi ya Lemonnier dola milioni 63 kwa mwaka, na Uchina nayo ilifungua kambi hukohuko mwaka 2017. Lakini mwenyeji huingia katika hatari za mgeni wake. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walivamia kiwanja cha Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulisema walinzi walikuwa wamejisahau.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya Marekani inalipatia Bunge mamlaka ya kutangaza vita. Bunge lilitangaza mara ya mwisho mwaka 1942. Korea, Vietnam na Iraq zilipiganwa bila tangazo hilo. Sheria ya mwaka 1973 inamtaka Rais atoe taarifa ndani ya saa 48, na aondoe askari baada ya siku 60, na 30 za ziada za kuwaondoa, kama Bunge halikuidhinisha. Kwa vitendo marais wametafuta upenyo. Azimio fupi la Septemba 2001, lililolenga wahusika wa mashambulio ya tarehe 11, limetumika hadi Somalia dhidi ya kundi ambalo wakati ule halikuwapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Kwanza, tunaomba ramani kubwa ya ukutani inayoonyesha bahari na milango yake: Hormuz, Bab el-Mandeb, Suez na Malaka. Tuliyo nayo ni ya mipaka ya nchi peke yake. Pili, katika hotuba yako tunaomba utueleze: ndege ya kijeshi ya nchi ya kigeni ikiomba kupita katika anga letu, ombi hilo linapokelewa na nani, nani anaamua, na je, Bunge letu huarifiwa?

Tunaomba kuwasilisha.