Ndege inayokalia mkia

Lubumbashi, mwezi wa sita

Papa Furaha, jambo sana.

Barua yako nimeipata mkononi mwa binti wa shangazi yako, imekunjwa mara nne kama noti ya franki iliyofichwa. Nimefurahi kusikia nyumba imesimama na watoto wanasoma. Sisi tupo. Baridi imeingia, vumbi limefika mpaka kwenye chumvi, na Mama Neema anauliza zile sambaza, samaki wadogo wa ziwani kwenu, ulizomwahidi zilizamia wapi.

Sasa lile swali lako. Umeandika: mtu mwenye miaka 61 anapataje raha ya kubandika ndege za vita za plastiki, wakati sisi huku Goma tukisikia mlio wa ndege tunasikiliza kwanza ndipo tutazame juu? Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasoma tena. Sikukasirika. Ila ndege yenyewe hujaijua, acha nikuambie.

Ni B-29, ndege kubwa ya Wamarekani ya kudondosha mabomu. Mtoto wa dada yangu aliniletea sanduku lake kutoka Ubelgiji, kipimo cha 1/72, yaani kila sentimeta moja kwangu ni sentimeta 72 kwa ile ya kweli. Ile ya kweli ilikuwa na mabawa ya mita 43, kwa hiyo yangu inakaribia sentimeta 60 na imeila meza yote ya chumbani. Ninayoijenga ni namba 82, ile iliyoondoka kisiwa cha Tinian usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1945 ikaenda kudondosha bomu la atomiki Hiroshima, Japani. Rubani wake, Paul Tibbets, aliipa jina la mama yake mzazi, Enola Gay. Hilo huwa linanishinda. Mama yako anakuzaa, anakulea, halafu jina lake unaliandika hapo.

Unamkumbuka nkambo, babu yangu wa Likasi, yule wa kikohozi, aliyetukimbiza na fimbo kwa ajili ya maembe? Miaka ya thelathini alikuwa kwenye mgodi wa Shinkolobwe, akichambua mawe kwa mikono mitupu. Meusi mazito yanawekwa huku, mengine yanatupwa kule. Wakati huo Wabelgiji walikuwa wakitafuta radiamu ya hospitali. Urani ilikuwa kama makapi tu. Ndipo mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, Edgar Sengier, akapeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Yakakaa ghalani Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua mwaka 1942. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lile ni ya kwetu, ndugu yangu. Nkambo alikufa bila kuambiwa na mtu yeyote. Sisemi kikohozi kilitoka huko, tumbaku pia aliipenda. Lakini mikono yake naikumbuka.

Basi ndiyo hiyo iliyoko mezani.

Na imenitesa! Ndege nyingi za vita zina rangi ya majani na udongo. Ukikosea unapaka tena na hakuna anayejua. Hii haikupakwa rangi. Ilikuwa alumini tupu inayong'aa, na rangi ya fedha haina huruma: mkwaruzo mdogo kama unywele, alama ya kidole, chembe ya vumbi, vyote vinaonekana kutoka mlangoni. Rangi za modeli hapa huzipati, nikanunua kopo la kupulizia la mafundi wa magari. Nikapulizia bawa la kushoto kwa karibu mno. Ile dawa iliyomo ikaanza kuila plastiki mbele ya macho yangu, ngozi yake ikakunjamana kama maziwa yaliyochemka. Nilizima taa nikaenda kulala.

Siku tatu nzima nilisugua kwa msasa na maji, kwanza namba 400, kisha 800, kisha 1200, mpaka bawa likawa laini kama kikombe. Safari hii nilianza na nyeusi inayong'aa, kwa sababu fedha ikikaa juu ya nyeusi ndiyo hufanana na chuma. Kopo nikalishika mbali, nikapitisha haraka, ukungu juu ya ukungu, nikisubiri kila tabaka likauke. Dirisha nimeliziba kwa kitenge kilicholoweshwa, vumbi la kiangazi lisiingie. Mama Neema aliuliza kama kuna mgonjwa wa surua.

Kazi ikiisha ukaitazama, bado inafanana na sufuria. Ndege ya kweli imeunganishwa kwa mabati mengi, na kila bati lina mng'ao wake. Kwa hiyo unaziba kwa skochi bati moja moja, unachanganya fedha na kijivu kidogo, unapaka, unabandua. Hapo ndipo nilipo sasa. Umeme nao unakuja saa tano ya usiku, ndiyo saa yangu ya kazi.

Vioo vya mbele nilikaribia kuvipoteza. Pua yote ya B-29 ni kioo, kama banda la kuku la tajiri. Nikaweka tone moja la supaglu, na asubuhi kioo kimefunikwa na ukungu mweupe kwa ndani. Mvuke wa gundi ile ndio hufanya hivyo. Nilikisugua kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka mkono ukafa ganzi, kikarudi, si chote. Kona moja bado ina mtoto wa jicho. Rubani wangu atavumilia.

Nikuoneshe kitu kimoja ambacho sikukitegemea. Ndege hii husimama kwa miguu mitatu ya magurudumu, mmoja chini ya pua. Ile ya plastiki mkia wake ni mzito, ukiiweka mezani inainua pua na kukalia mkia kama mbwa anayeomba chakula. Lazima uifungie uzito mbele kabla ya kuunganisha nusu mbili za tumbo. Wazungu hutumia risasi za ndoano za samaki. Kwenye pua penyewe huwezi, ni kioo. Unaficha nyuma ya viti vya marubani na ndani ya injini nne. Nikatafuta risasi, sikupata, kisha nikajicheka: niko Lubumbashi, mji wa shaba, natafuta uzito! Fundi wa waya hapa mtaa wetu wa Kenya alinigawia vipande vya shaba, nikavikatakata, nikavifunga kwa skochi nje ya tumbo kimoja kimoja hadi pua ikashuka yenyewe, taratibu, tik. Gramu 90. Nikavifungia humo ndani.

Ile B-29 ya kawaida ilikuwa na vibanda vya bunduki mgongoni na tumboni. Hii iliondolewa vyote ikabaki na bunduki za mkiani tu, ipungue uzito, maana mzigo wake mmoja ulikuwa na kilo 4,400. Kwa hiyo matundu ya sandukuni niliyaziba. Na sasa nikuambie habari ya mzigo. Bomu lilikuwa na urefu wa mita 3. Kwenye meza yangu ni sentimeta 4 na kidogo, fupi kuliko kidole changu kidogo. Urani iliyokuwa ndani ilikuwa kilo 64: mfuko mmoja wa saruji na kilo 14 juu. Iliyowaka kweli haikufika hata kilo moja. Nimesoma tarakimu hizi mara nyingi vitabuni, hazikunigusa. Siku niliyokishika kile kipande mkononi nilikaa nacho muda mrefu, chai ikapoa.

Kwa hiyo, raha? Ndiyo, nisikudanganye, msasa na rangi ni raha, na pua iliposhuka nilipiga kofi. Hilo la bomu si raha, wala sijui nililipe jina gani. Nililiweka pembeni nikisema nitalipaka baadaye. Juzi namba ya mkiani imekauka, nikataka kulibandika kabla ya kufunga milango ya tumbo, halipo. Nimetambaa chini ya meza na tochi. Nimefagia. Jana Mama Neema anashona kifungo cha sare ya mjukuu, anatoa lile bati la biskuti, na humo kati ya vifungo nikaliona. Alidhani ni kifungo cha koti.

Sikulitoa. Milango ya tumbo nimeiacha wazi.

Ukipata mtu anayekuja huku, tuma zile sambaza, zilizokauka vizuri, zifungwe kwenye gazeti wala si kwenye mfuko wa plastiki. Na uniambie kama miwani yako bado ni ile ya zamani, maana jina la yule mama nitaliandika kwa mkono, herufi ndogo kuliko punje ya mtama, na macho yangu hayafiki.

Wako,
Papa Neema