Ambakisye, hela ya mpunga usiitoe kwanza

Los Baños, Ufilipino, Jumapili usiku

Ndugu yangu Ambakisye,

Ugonile. Najua umenuna, na una haki. Tangu Pasaka sijakuandikia, na zile jumbe zako sita za sauti nilizisikiliza zote nikasema kesho nitajibu, kesho ikazaa kesho. Mimi mzima. Masomo yanabana, mvua zimeanza, wali tunakula asubuhi, mchana na jioni, ila ndizi zao hawajui kuzipika. Mbalaga naiota usiku. Haya, salamu zimetosha.

Naandika kwa sababu ya ile video ya nyati uliyonitumia. Nimeitazama mara tano. Huyo bwana wa Mbeya anayekuuzia hisa za nyati amekwambia kwamba yule ni nyati wa tope wa Ufilipino, anavuta plau na anatoa lita 15 kwa siku. Ambakisye, mnyama yule si wa huku! Mtazame pembe: zimejikunja kama konokono, na mwili mweusi tii kama sufuria ya msibani. Huyo ni Murrah, nyati wa mto, kwao India. Nyati wa tope, ambaye huku wanamwita carabao, ninapishana naye kila siku nikienda kwenye majaruba ya majaribio. Rangi yake ni ya majivu. Pembe zinatoka pembeni na kurudi nyuma, pana, kama mundu mbili. Shingoni chini ana mistari miwili myeupe, utadhani kavaa skafu, na miguu kuanzia magoti kushuka imepauka kama soksi za shule. Mfupi, mnene, tumbo kama pipa. Kwenye video umeona skafu? Umeona soksi?

Sasa maziwa, maana ndiyo yaliyokutia wazimu. Mama mwenye nyumba wangu ana dada yake Santa Cruz, anakamua carabao wanne. Jumamosi iliyopita nilikwenda, saa kumi na moja alfajiri, na mbu wote wa mkoa huu wa Laguna wakanifuata. Kiwele chenyewe kidogo, kimejificha mapajani. Bila ndama kuanza kunyonya, hashushi hata tone; ukimlazimisha anasimama tu anakutazama, hapigi teke wala nini, anakudharau. Akiridhika, unapata lita moja, moja na nusu. Aliyesifiwa kuliko wote alifikisha mbili. Wanakamua mara moja tu, kisha ndama anabaki na mama yake mchana kutwa. Piga hesabu ya mzao mzima, miezi tisa hivi: lita 400, tuseme 500 ukibahatika. Hivi ng'ombe wako wa Friesian, yule mwenye kiburi, si anazimaliza kwa mwezi na ushee?

Lakini nisimnyime haki yake. Maziwa yenyewe ni mazito ajabu, meupe kama chokaa, hayana ile njano ya mbali ya maziwa ya ng'ombe. Mafuta ni asilimia 7 hadi 10, wakati ya Friesian wako hayafiki 4. Yule mama hauzi maziwa, anatengeneza jibini laini, kesong puti, anaifunga kwenye jani la mgomba. Nilikula na mkate wa moto, nikanyamaza kwa heshima. Samli ya maziwa yale, bibi yako angeficha kopo uvunguni.

Na kazi anaifanya, hapo hujadanganywa. Kwato pana, vifundo vya miguu vinalegea, kwa hiyo anatembea kwenye tope ambalo ng'ombe wako angezama na kuanza kuoza kwato. Ila ni wa polepole, na jua likipanda anagoma. Vinyweleo vya jasho anavyo vichache sana na ngozi yake iliyokoza inavuta joto, lazima alale majini. Gaagaa na upwa, yeye hata huo wali hautaki, anataka tope tu. (Mama yangu nilimwambia nimemshika nyati kichwani, akaita maombi. Kwake nyati ni mbogo, na mbogo ni kilio. Nikamweleza kwamba mji wa Pulilan kila Mei wanawapigisha nyati magoti mbele ya kanisa, ndipo akatulia, akaniuliza kama bado nasali.)

Umeuliza kama mbegu yake inaweza kupandishwa kwa ng'ombe wako. Haiwezekani. Ng'ombe ana kromosomu 60, nyati wa tope 48, hawakutani popote. Na wazo la Asajile la mbogo wa Katavi mwambie alale nalo, yule ana 52, na nani atamshika? Wa tope na wa mto ndio wanaozaliana. Mtoto anakuwa na 49 na bado anazaa. Hicho ndicho wanachofanya huku. Mwaka 1992 walitunga sheria kuunda kituo cha nyati peke yake, makao yake Muñoz, wakaleta Murrah kutoka Bulgaria na kuwapandishia carabao wao. Chotara anatoa maradufu ya mama yake na zaidi, lakini hiyo ni kazi ya serikali na miaka zaidi ya 30, si ya bwana mmoja mwenye kitabu cha risiti. Mimba tu ni karibu miezi 11. Mtamba anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne hivi. Hisa zako zitakuwa zimelala wapi muda wote huo?

Ndiyo maana nasema, hela ya mpunga usiitoe kwanza. Kama umeshatoa, niambie tu, sitacheka. Yaani nitacheka kidogo. Ile ya gunia kumi za mwisho, Atupele anajua? Maana akijua kwa mtu mwingine, huyo mbogo mwenyewe atakuwa ndani ya nyumba.

Nijibu haya, tafadhali, hata kwa sauti fupi. Huyo bwana ana ofisi au anakutana na watu hotelini? Amewahi kukuonyesha mnyama hai, au video tu? Nani mwingine Kyela kaingia? Usiniambie mzee Ambilikile. Mtamba wako alishika mimba ile mara ya tatu? Mto ulifika mpaka kwenye kitalu mwaka huu au mlinusurika? Na ile baiskeli yangu, nani anaiendesha?

Ndaga fijo, na msalimie Atupele. Au usimsalimie mpaka umwambie.

Wako,
Tuntufye