Malalamiko juu ya wifi ya meshi mulioniuzishia, na juu ya ile simu ya spika

Bel-Air, Lubumbashi

Kwa Bwana Direkta wa kampuni ya intaneti,

Nawasalimia kwa heshima. Naandika kwa adabu juu ndivyo wazazi walinilea, lakini nawaomba musome mupaka mwisho mbele ya adabu yenyewe kuisha. Fakturi munayo, nambari ya abonema munayo, karatasi ya garanti muhuri iko juu yake ni yenu, kwa hiyo sitaanza kuwafundisha kazi yenu.

Siku nanunua niliuliza swali moja tu pale gishe, kwenye meza yenu ya kuuzishia. Hizi boati tatu za meshi, za kusambaza wifi nyumba muzima, zitaelewana na ruta ya intaneti mulinifungia nyumbani, ao nitaitoa? Muuzaji wenu akajibu bila hata kuinua macho, "Papa, we bransha tu, ile ruta ya zamani nayo itakuwa boati ya nne, itaingia mu meshi yenyewe." Nikalipa dola 180, na dola 25 juu yake ya teknisiani. Bwana Direkta, ule ni uongo, na mutu anauzisha hii vitu kila siku anapaswa kujua ni uongo. Ruta ya kampuni moja haiingii mu meshi ya kampuni ingine ivi ivi, labda zote ziwe na EasyMesh, ule utaratibu Wi-Fi Alliance ilitoa 2018. Ruta yenu haina. Boati zenyewe nimegeuza kartoni pande zote, hakuna mahali imeandikwa. Sasa hiyo boati ya nne ilitoka wapi?

Teknisiani alikuja, sitakatala, alikuja, telefoni mukononi na eskuta imewashwa inje anasema ana mahali pengine pa kwenda. Kazi yenyewe njia safi ni mbili, na nyie munazijua kunishinda. Ao ruta yenu inawekwa mu modi ya briji, inabaki tu kupitisha intaneti na boati kubwa ya meshi ndiyo inagawa adresi, zile nambari za kila kifaa, ao ruta yenu inaendelea kugawa adresi na meshi inawekwa mu modi ya akses pointi, inabaki tu kutoa wifi. Moja kati ya hizo. Kijana hakufanya hata moja. Aliacha zote mbili zinagawa adresi, NAT juu ya NAT, ni kusema mitandao mbili, moja nyuma ya ingine, wifi ya ruta hakuizima, na juu ya hayo akazipa zote mbili jina moja na neno la siri moja, eti ili familia isichanganyikiwe.

Nawaeleza vile familia haikuchanganyikiwa. Mama ya watoto anafanya kazi ya kutoa makaratasi na printa hapa nyumbani, chumba cha mbele, wanafunzi wa UNILU, universite ya hapa, wanamuletea TFC na memwari, kazi zao za kumaliza masomo, anatoa, anafunga, wanalipa. Printa ilishika upande wa meshi, adresi yake inaanza 192.168.0. Kompyuta ya kazi iko na kamba kwenye ruta yenu, yake inaanza 192.168.1. Kompyuta haioni printa. Telefoni ya mwanafunzi ikiangukia upande wa meshi inatuma faili na karatasi inatoka, ikiangukia upande wa ruta hakuna kitu, na jina la wifi ni lilelile moja, sasa we mutu utajua uko upande gani? Ukihama kiti unahama upande. Kuna mutoto wa shule alikuwa na kutoa memwari yake usiku, kesho yake anatetea, mama ya watoto ametoa kamba, ametembea na ile kompyuta nyumba muzima akitafuta pahali printa itaonekana. Ule mutoto alienda kutolea kwingine, na rafiki zake walimufuata.

Na boati ya tatu. Kijana aliipeleka mu aneksi, lile jengo la nyuma kabisa, pale ambapo wifi haifike, akaibransha pale, ikawaka nyekundu, akasema "itatulia." Haitatulia, juu boati ya meshi haizai intaneti, inapokea na kupitisha tu, na ukiiweka mahali hakuna kitu cha kupokea ni kama kuweka ndoo chini ya robine imekauka. Inatakiwa kukaa katikati ya njia. Ao tuipitishie kamba, mie mwenyewe nilimuambia, mwanangu, niko na tiyo, bomba, tayari chini ya udongo kutoka nyumba mupaka aneksi, tupitishe kamba, boati itapata intaneti kwa waya bila kupita ukuta. Akaniambia "hiyo haiko mu kazi yangu."

Sawa. Yote hiyo ningeyamaliza mie mwenyewe. Nilifanya umeme Gécamines, kampuni ya madini, maisha yangu yote ya kazi, waya hazinitishi, na ile sehemu ya meshi nilianza kuisoma na kuipanga. Lakini meshi ikikaa mu akses pointi inapoteza mambo mengi niliyolipia, ya kupangia watoto saa za intaneti na kadhalika, kwa hiyo nilitaka briji, na briji inafunguliwa ndani ya ruta yenu, na ndani ya ruta yenu siwezi kuingia juu neno la siri la adminisitrata munalo nyie tu. Si mie nilifunga mulango. Na nyie muko na uwezo wa kuifungua toka biro yenu, kule ofisini, bila kutuma mutu, munazisimamia ruta zote toka mbali, tusidanganyane.

Ndiyo sababu nilikuja mu duka yenu ya mjini.

Nilikuwa na kartoni mukononi na fakturi. Nikangojea zamu yangu, nikamweleza binti wa gishe polepole, naomba tu munifungulie briji, dakika chache. Akaniambia atauliza teknisiani. Akapiga simu, akaweka spika, telefoni akailaza juu ya meza kati yetu sisi wawili. Na hii ndiyo sauti ya mufanyakazi wenu, nimeisikia na masikio yangu, na watu wote wa mustari wameisikia: "Ule muzee wa Bel-Air? Aah, achana naye, anasumbuaka sana. Umwambie tu nyumba yake ni ya wazungu, ukuta ni munene, wifi haipite. Hata tukimufungulia briji atafanya nayo nini, hajue hata kuandika meseji." Watu wakacheka. Binti hakuzima spika. Alipunguza sauti kidogo tu, akasikiliza mupaka mwisho, kisha akaniangalia akasema, "Papa, umesikia, shida ni ukuta."

Nimesikia, ndiyo.

Ukuta! Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, ndiyo, ukuta ni munene, ndiyo, na ndiyo maana nilinunua meshi. Mutu wa ukuta mwembamba ruta moja inamutosha. Wifi ya 5 GHz inachoka kupita ukuta, hiyo kila mutu anajua, 2.4 inapita vizuri kidogo, lakini printa na kompyuta ziko mu chumba kimoja, hakuna ukuta kati yake, meza ni ileile! Ukuta gani unafanya kompyuta ikose kuona printa iko karibu na kiwiko chake? Munitafutie huo ukuta munionyeshe.

Na huduma yenu ya simu nayo. Kabla ya kuja duka nilikuwa nimewapigia, wakaniambia neno la siri ni jambo la usalama, wakaniahidi teknisiani ataniita. Hakuna aliyeniita. Baadaye, hii ni baada ya duka, wakaniandikia meseji kwamba shida yangu "imetatuliwa" na wananiomba niwape nyota. Nyota! Siku ileile umeme ulikatika hapa mutaani, uliporudi boati za meshi ziliwaka mbele ya ruta yenu, zikakosa adresi, intaneti haikuwa nyumba muzima, nikazima zote, nikawasha ruta kwanza, nikangojea, ndiyo meshi baadaye. Huo utaratibu hakuna aliyeniambia, na hapa Lubumbashi umeme ukikatika hatushangai, teknisiani anafunga meshi hapa anapaswa kuuacha umeandikwa kwenye karatasi karibu na prizi. Mie nimeuandika, kwa kalamu nyekundu.

Lakini narudi kwa ile simu, munisamehe, sijamaliza nayo.

Nilikuwa na mujukuu wangu. Hilo sikuwaambia pale juu. Ndiye alikuwa ananisaidia kubeba kartoni, iko na miaka kumi na kitu, mie ndiye ninamufundisha umeme, anajua kushika testa. Sauti ilipotoka mu spika, "hajue hata kuandika meseji", mutoto aliniangalia. Binti wenu wa gishe alikuwa na fakturi yangu mukononi, fakturi yangu mie, ya dola zangu, ndiyo alifunikia mudomo ili acheke. Nyuma yangu mama mumoja alicheka, na kijana mwingine. Mulinzi wenu wa mulango peke yake ndiye hakucheka, aliangalia viatu vyake. Na yule wa mu simu bado anaendelea, "umwambie anunue boati ingine mbili, itaisha." Mumesikia hapo? Hajui shida ni nini, hajaigusa, na tayari anauzisha boati ingine mbili! Kisha binti akakata simu, akanirudishia fakturi imekunjwa, akaita, "Mutu mwingine!" Sikutukana mutu. Nilichukua kartoni toka kwa mutoto, tukatoka.

Mu tekisi mujukuu aliniuliza, "Kambo, briji ni kitu gani?" Nikamweleza. Alielewa mbele hatujafika Bel-Air.

Sasa najua munachotaka kusikia, ninachoomba. Nilipoanza hii barua nilitaka kitu kimoja, munifungulie briji toka biro yenu na muzime wifi ya ruta, basi. Lakini vile naandika naona hiyo ni kidogo sana. Mutatuma teknisiani, mwingine, si yule, na atakuja na wakati wake, atapanga kila kitu upande mumoja, printa na kompyuta na telefoni, atapitisha kamba mu tiyo yangu mupaka aneksi na atapima mbele yangu kwamba waya zote nane za ndani ya kamba zimefungwa, si nne. Mutarudisha dola 25 za kazi haikufanyika. Na kazi ya mama ya watoto iliyopotea mutailipa pia, daftari yake iko, kila memwari na bei yake, wanafunzi waliorudi nazo wameandikwa.

Na yule kijana wa mu simu ataniomba radhi. Pale pale gishe, na spika.

Kama hamutaki kufanya hayo yote, basi hatuna cha kuongea juu ya briji. Mutachukua boati zenu tatu na kartoni yake, mutarudisha dola 180 zote, na abonema nakata, na muje mutoe ruta yenu kwenye ukuta wangu munene wa wazungu. Majirani wangu wa avenue hii wananiuliza mie kila siku wanunue intaneti gani, juu wanajua nilikuwa mutu wa umeme. Mupaka sasa nilinyamaza. Sitanyamaza.

Mutoto wa dada yangu ni avoka, mwanasheria. Amesoma fakturi, amesoma garanti, amenionyesha artikle 258 ya Code civil kitabu cha tatu, mutu akifanya kosa likamuharibia mwenzake analipa. Tribunal de commerce, korti ya biashara, iko hapahapa Lubumbashi, sitahitaji hata kupanda ndege. Na barua ya ARPTC, wale wanasimamia makampuni ya simu na intaneti, iko tayari, inangojea tu tarehe.

Nawapa mupaka ijumaa ya wiki ijayo, saa za biro. Musinitumie meseji ya nyota. Musinitumie ya "tumepokea malalamiko yako." Nataka mutu ao feza. Jumatatu inayofuata, kama sijaona kimoja, avoka atakuja pale gishe kwa niaba yangu, na ataongea sauti ya kusikika bila spika.

Kwa heshima iliyobaki,

Muteja wenu wa Bel-Air, mupaka ijumaa