Namba ya siri imekuja kwenye simu yangu, mdogo wangu hanisemeshi

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku, usingizi umegoma. Dirisha la kuthibitisha chuo linafungwa Jumapili, na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unawajua, wakishafunga wamefunga.

Mdogo wangu kachaguliwa udaktari vyuo viwili, Muhimbili ya Upanga na Kairuki ya Mikocheni. Aliyemjazia maombi ni mimi, hapa hapa steshenari, kama ninavyowajazia watoto wa watu kila msimu. Sasa juzi, mbele ya mama, ananiambia: "Wewe umeishia fomu foo, chuo utanishauri nini?" Mama kimya. Anti, fomu foo huyo huyo ndiye aliyeona jina la kwenye cheti cha kuzaliwa limepishana herufi moja na la cheti cha kidato cha nne, nikampeleka kwa wakili akala kiapo mapema, maana hapo ndipo fomu za mkopo za wengi zinapokwama, wakati shilingi 30,000 ya fomu imeshalipwa.

Sisemi Kairuki ni chuo kibaya, asije akasema nimemsema vibaya. Udaktari ni miaka 5 kote kote, halafu mwaka 1 wa intaneshipu, na leseni inatoka Baraza la Madaktari Tanganyika lile lile. Hakuna mgonjwa atakayemuuliza kasomea Upanga au Mikocheni. Ugomvi wangu ni hesabu. Ada ya Kairuki ni zaidi ya mara mbili ya Muhimbili, na Bodi ya Mikopo haiangalii chuo binafsi kinatoza kiasi gani, inapanga kwa viwango vyake. Kinachopungua analeta mzazi, kwa miaka yote mitano. Yeye anapigia hesabu bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Bumu ni 10,000 kwa siku, linaingia kwa mafungu ya miezi miwili hivi, hapo ale, alipe chumba, apande gari. Utalifanyaje likawa ada? Na mkopo wenyewe majina hutoka kwa awamu. Anayeshikilia vyuo viwili bila kuthibitisha kimoja anawasubirisha Bodi, wenzake wanapangiwa.

Anasema Kairuki darasa ni dogo, mwalimu anakujua kwa jina, ila Muhimbili kwenye raundi ya wodini utaishia kuona visogo vya wenzako. Sawa, nimemwelewa. Lakini Muhimbili rufaa zinatoka nchi nzima, taasisi ya mifupa ya MOI pale pale, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale pale, ugonjwa ambao kwingine atausoma kitabuni pale atauona umelala kitandani. Usafiri usiseme, sisi tuko Kimara. Mwendokasi hadi Faya, kipande kinachobaki ni bajaji. Mikocheni ashuke Morocco, aanze tena kutafuta gari. Hata wakimpeleka Mloganzila, kampasi nyingine ya Muhimbili, ni huku huku kwetu, njia ya Kibamba. Nikimwambia hayo, jibu ni fomu foo.

Namba ya simu niliyojaza kwenye maombi ni yangu. Sikufanya kwa hila! Watoto hawa wanabadilisha laini kila wakati, kisha ujumbe wa TCU unakwenda kwenye laini iliyokufa, wanakuja kulia dukani siku ya mwisho. Kwa hiyo namba ya siri ya kuthibitishia chuo imeingia kwangu. Nywila za akaunti zote anazo, akitaka aingie kwenye mfumo wa chuo aombe itumwe upya, nayo itakuja kwangu tu. Tangu juzi hajaniomba. Anamtuma mama. Mama naye anasema "mpe mtoto kitu chake", kama vile mimi ni mwizi.

Je, nikiingia mwenyewe kwenye akaunti yake ya Muhimbili, nikaiweka ile namba, nitakuwa nimemwonea? Si kwamba nimeamua. Najua kabla dirisha halijafungwa anaweza kujitoa na kuthibitisha kwingine, kwa hiyo sijamfunga. Likishafungwa ndiyo kazi, atabaki na kuomba kuhama, na kuhama udaktari mpaka kule kuwe na nafasi. Na nikikaa kimya hadi Jumapili ipite, anaweza kukosa vyote viwili, halafu lawama za nani?

Kwa kweli akienda Kairuki mimi sina neno. Ada tu asiniombe. Ingawa atakayelipa ni nani, kama si huyu huyu aliyeishia fomu foo? Angeniita dada, akasema "dada, nimechagua hiki, nisaidie", ningemthibitishia hiyo Kairuki usiku huu huu. Kinachoniuma ni kusemwa vile mbele ya mama, na mama asimkanye.

Nijibu kabla ya Jumapili, Anti. Na usiandike niko Kimara sehemu gani, wateja wangu wanakusoma.