Mwanafunzi wa saikolojia ya kitabibu asiachwe peke yake na mgonjwa

Mhariri,

Kila suala la afya ya akili linapozuka nchini, jibu linalotolewa upesi ni kwamba wataalamu ni wachache na kwamba vyuo vikuu viongeze nafasi za masomo. Ni kweli kwamba wao ni wachache. Hata hivyo, mimi ambaye hupokea wanafunzi wa uzamili wa saikolojia ya kitabibu katika kliniki moja ya umma hapa Nairobi, na kuwasimamia wanapoanza kuonana na wagonjwa, naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini kuongeza viti darasani bila kuongeza wasimamizi kliniki hakutatufikisha popote.

Msomaji asiyeijua fani hii huenda asifahamu jinsi masomo yake yalivyopangwa. Kwa kawaida mwanafunzi wa uzamili huanzia darasani, ambako hufunzwa magonjwa ya akili na dalili zake, vipimo na tathmini, nadharia na mbinu za tiba, takwimu na utafiti, pamoja na maadili ya kazi. Baada ya hapo huenda hospitalini kwa mazoezi, kisha huandika tasnifu. Sina ugomvi na mpango huo. Wanafunzi wanaonifikia wamesoma, tena wengine wamesoma sana. Wanaweza kukutajia inapotofautiana miongozo ya kutambua magonjwa ya akili: DSM-5 ya Marekani na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Wanajua kwamba wastani wa kipimo cha akili cha Wechsler ni 100, na walio makini zaidi huuliza iwapo wastani uliotokana na Wamarekani unaweza kumpima kwa haki kijana aliyelelewa katika mtaa wa mabanda wa Mukuru. Hilo ni swali zito linalostahili barua yake, na leo sitaligusa.

Ugomvi wangu unaanzia pale darasa linapoishia. Katika jiji hili, masomo mengi ya uzamili hufanyika jioni na Jumamosi, kwa sababu wanaoyasomea ni watu wenye ajira: walimu, wauguzi, wahubiri, maafisa wa mashirika. Mpango huo umewafungulia mlango watu wengi ambao wasingeweza kuacha kazi, na mimi mwenyewe siudharau. Tatizo ni kwamba kliniki za wagonjwa wa akili hazifunguliwi jioni wala Jumamosi. Hufunguliwa siku za kazi, asubuhi hadi alasiri, saa zilezile ambazo mwanafunzi wetu yuko shuleni akifundisha au wadini akigawa dawa. Kwa hiyo mazoezi ya kitabibu, ambayo ndiyo moyo wa taaluma hii, husukumwa kwenye likizo ya Agosti, kwenye siku za ruhusa za kuombaomba, na kwenye saa za chakula cha mchana.

Isitoshe, mara nyingi mwanafunzi huachiwa atafute hospitali mwenyewe. Hupewa barua ya utambulisho kutoka idarani, akazunguka nayo toka ofisi moja hadi nyingine, na kuna mahali anapotozwa ada ya mafunzo juu ya karo aliyokwisha kulipa chuoni. Akipata nafasi hukuta kwamba anayepaswa kumsimamia ana foleni ya wagonjwa inayofika mlangoni, hana mkataba wowote na chuo, halipwi kwa kazi hiyo, wala hapunguziwi zamu. Hata chumba cha kuzungumzia siri za watu huwa cha kugombaniwa. Mahali fulani niliona pazia likitenganisha kikao cha mwanafunzi na meza ya afisa wa lishe, na kila jibu la mgonjwa likisikika upande wa pili.

Ili nisionekane kulalamika tu, nitaeleza tukio moja, nikiwa nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Mwanafunzi aliyekuwa amepasi vizuri sana somo la tathmini alimpokea mama mmoja anayefanya biashara ndogo sokoni, akamjazisha dodoso la PHQ-9. Dodoso hilo, ambalo hutumiwa ulimwenguni kote kupima mfadhaiko, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Mama alipata jumla ya alama 13, na mwanafunzi akaniletea karatasi akiwa amekwisha kuandika chini yake kwamba huu ni mfadhaiko wa kiwango cha kati. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na jina alilolipa tatizo ni lile vitabu vinavyosema. Lakini swali la tisa ndilo linalouliza iwapo mtu amekuwa na fikira kwamba ni afadhali afe, au za kujidhuru, na mama yule alikuwa amejibu kwamba fikira hizo humjia siku kadhaa. Mwanafunzi aliandika 1 kwenye kisanduku, akaijumlisha na nyingine, akaendelea na fomu iliyofuata.

Nilimuuliza mwanafunzi mama yule alimaanisha nini. Hakujua, kwa kuwa hakuwa amemuuliza. Tulirudi chumbani pamoja, nikavuta kiti, nikamwambia mama kwamba katika majibu yake kuna moja ambalo ningependa tulizungumzie polepole. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba juma lililotangulia alimuuliza dada yake kama angeweza kuwachukua watoto wake na kuwalea. Alama ile moja ilikuwa imebeba hayo yote. Kwa ridhaa yake tulimpigia dada simu akaja, na alasiri hiyohiyo mama akaonwa na daktari wa magonjwa ya akili.

Sisemi haya kumdhalilisha mwanafunzi yule, ambaye leo angeulizia jibu kama hilo kabla hata hajaiweka kalamu chini. Nasema kwamba hakuna mhadhara ambao ungemfundisha jambo hilo. Alilijifunza kwa sababu palikuwa na mtu wa kumsomea karatasi kabla mgonjwa hajaondoka, na kurudi naye chumbani. Siku ambayo msimamizi yuko mkutanoni, au hayupo kabisa, mgonjwa wa aina hiyo hukunjiwa karatasi yake na kuambiwa arudi baada ya mwezi.

Usimamizi ninaouzungumzia si kutia sahihi. Ni kukaa ndani ya kikao, au kusikiliza sauti iliyorekodiwa kwa idhini ya mgonjwa, au kumtaka mwanafunzi aandike mazungumzo neno kwa neno kadiri anavyoyakumbuka, kisha tuyapitie mstari kwa mstari. Hapa alipomtaja mumewe, kwa nini ulibadilisha mada? Hapa alipocheka, kilikuwa kicheko cha nini? Hapa ulimpa ushauri: ulikuwa unamsaidia yeye, au ulikuwa unaikimbia huzuni yake? Saa moja ya kazi kama hiyo huwachosha wawili wote, na hakuna njia ya mkato. Hakuna shule ya udereva inayomkabidhi mwanafunzi gari Thika Road saa kumi na mbili jioni, akiwa peke yake, eti kwa sababu amefaulu mtihani wa ubao.

Wala si fikra mpya. Mwaka wa 1949, Marekani ilipokuwa ikihitaji wataalamu wa kuwahudumia askari waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia, wakufunzi wa fani hii walikutana Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa kitabibu afunzwe kuwa mtafiti na mtabibu kwa pamoja, na kwamba masomo yake yawe na mwaka mzima wa mazoezi yanayosimamiwa. Walikuwa na haraka na uhaba kama sisi, na bado hawakuuondoa mwaka ule. Sisi tumezichukua nadharia zao na vipimo vyao, ila sehemu iliyo ghali zaidi tukaiacha ijitafutie njia.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba siku hizi hata watu wasio na shahada hutoa tiba na wagonjwa wakapata nafuu, sasa iweje mwenye uzamili nusu ahitaji kushikwa mkono? Mfano unaotajwa sana ni ule wa Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka wa 2006 mpango wa akina nyanya wanaokaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye matatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba waliopitia kwenye mabenchi hayo walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mfano mwingine ni wa hapahapa Nairobi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, wahudumu wa afya ya jamii waliwatembelea wanawake waliowahi kudhulumiwa kijinsia, wakawapa vikao vitano vya mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kukabiliana na matatizo, na wanawake hao wakapata nafuu zaidi ya wenzao.

Ninaiheshimu kazi hiyo, na ndiyo hoja yangu yenye nguvu zaidi. Akina nyanya wale na wahudumu wale hawakuachwa peke yao hata kidogo. Walipewa mbinu moja iliyopangwa hatua kwa hatua, wakawa na wasimamizi wa kukutana nao mara kwa mara, na wakaonyeshwa ni nani wa kupelekewa mgonjwa aliye katika hatari. Inashangaza kwamba mhudumu aliyepata mafunzo ya siku chache anahakikishiwa msimamizi, na mwanafunzi wa uzamili anayelipa karo ya mamia ya maelfu ya shilingi anahakikishiwa daftari la kujaza saa. Nimewahi kuletewa daftari la aina hiyo nitie sahihi kwa saa ambazo sikuziona, na nilipokataa niliambiwa kwa upole kwamba wengine hukubali. Nadhani ni kweli.

Hali ya sheria nayo imebadilika kwa namna inayozidisha uzito wa jambo hili. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliunda bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mtu aliyenusurika, ambaye zamani angepelekwa seli, sasa anatakiwa aletwe kliniki, na katika kliniki nyingi za umma anayempokea kwanza na kumwandika maelezo anaweza kuwa mwanafunzi.

Ninachoomba si kikubwa. Idara za vyuo vikuu zianze kuhesabu wasimamizi kabla ya kuhesabu wanafunzi, na zisidahili mtu ambaye haziwezi kumtajia kliniki atakayokwenda na jina la atakayemsimamia. Iwapo kufanya hivyo kutapunguza nusu ya darasa, basi na lipungue. Nafasi zinazobaki zitatoa watu wanaojua kazi. Sehemu ya karo ifuate mwanafunzi hadi hospitalini, ikalipie saa za msimamizi na, ikiwezekana, ukuta badala ya pazia. Nako kusoma jioni kuendelee kwa masomo ya darasani, ila mwombaji aambiwe siku ya kujiandikisha, kwa maandishi, kwamba kuna miezi ambayo italazimu awe kliniki mchana, ili apange na mwajiri wake mapema badala ya kugundua mwaka wa pili. Waajiri wa umma, ambao ndio watakaofaidika na ujuzi huo, wangeweza kutoa ruhusa ya masomo kwa kipindi hicho bila kuona kwamba wamepoteza.

Kwa upande wa Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia pamoja na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ningependa kuona takwa moja lililo wazi kwa vyuo vyote, vya umma na vya kibinafsi: kwamba kila idadi fulani ya vikao vya mwanafunzi iambatane na saa ya usimamizi iliyothibitishwa na aliyekuwapo, na kwamba mhadhiri wa chuo afike kliniki walau mara moja katika muhula kuona kinachoendelea. Wahadhiri wengi wangekuja kwa furaha wakipewa nauli na muda.

Waombaji wa Septemba nao wasingoje matakwa hayo. Wakienda idarani kuulizia karo, waulize pia ni kliniki ipi itakayowapokea, siku zipi, na ni nani atakayesikiliza vikao vyao. Na wakijibiwa kwamba hayo yataonekana baadaye, wabaki na pesa zao hadi wapate chuo chenye jibu.

Mwanasaikolojia wa kitabibu na msimamizi wa wanafunzi,
Eastlands, Nairobi