Habari yenu ya kichipu imemgharimu shemeji yangu jicho

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi lilipokuwa likifika Moshi na basi la jioni, na sijawahi kukuandikia. Mmekosea majina ya kata zetu, mmeuhamishia Arusha mlima usio wa Arusha, nikanyamaza. Safari hii sinyamazi.

Ile habari ya macho unaikumbuka, maana mliiweka ukurasa wa mbele na picha ya jicho la bluu ambalo sijui mlilitoa kata gani. "Upofu wapata tiba", mliandika, kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma bila miwani. Ndani kabisa, karibu na matokeo ya mpira, mtu mwenye subira angekuta kwamba mnazungumzia kichipu kiitwacho PRIMA, milimita mbili kwa mbili, kinachopachikwa chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mgonjwa anavaa miwani yenye kamera, kamera inarusha picha kwa mwanga usioonekana, kichipu kinaugeuza mwanga huo kuwa umeme, na chembe za retina zilizobaki hai zinaupokea na kuupeleka kwenye ubongo. Ni kazi kubwa na walioifanya wanastahili heshima yao. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2025: wagonjwa 38 katika nchi tano za Ulaya, na wengi wa waliofuatiliwa mwaka mzima waliweza tena kutambua herufi. Hapo sina ugomvi na mwandishi wenu.

Ugomvi wangu ni kwa alichokiacha. Wagonjwa wote wale walikuwa wazee wenye ugonjwa mmoja, ule unaokula kitovu cha retina uzeeni, tena katika hatua yake kavu ya mwisho. Wanachokiona kupitia kichipu ni cheusi na cheupe, na wamefika hapo baada ya miezi ya kufundishwa. Kifaa hakikujaribiwa kwa macho yaliyoharibiwa na kisukari. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, hakimsaidii, kwa kuwa glakoma inaua mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na mshipa ukishakufa kichipu kitampelekea nani habari? Kovu la trakoma, yaani vikope, liko mbele ya jicho, huko hakigusi kabisa. Nimefanya kazi kliniki ya macho mpaka nikastaafu, nimewatia watu matone ya kupanua mboni mpaka kidole gumba kikawa na sugu, na ninakuhakikishia kwamba mtu wa kawaida akisoma "upofu" anajua ni wake.

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, yuko Kibosho. Ana sukari ya muda mrefu. Alipopimwa nyuma ya jicho walikuta mishipa mipya ya damu imechipua kwenye retina, ile dhaifu inayopasuka yenyewe, akapewa tarehe ya kupigwa leza macho yote mawili. Daktari alimweleza taratibu kwamba leza inalinda uoni uliobaki, uliokwishapotea hairudishi. Akaelewa, akakubali. Kabla ya tarehe kufika, mwanawe aliyeko Arusha akapiga picha ukurasa wenu na kuurusha kwenye kundi la familia. Nilipompigia simu kumkumbusha kliniki akaniambia, "Shemeji, nichomwe jicho la nini? Wazungu wamepata kifaa cha kuweka mle ndani. Nikishachomwa, hicho kifaa kitakaa wapi?" Nilibishana naye mpaka salio likaisha. Kadi ya kliniki ameichomeka kwenye kitabu cha sala, na tarehe ikapita. Asubuhi moja akiwa anakata majani ya ng'ombe, akaona masizi yanashuka mbele ya jicho la kulia, halafu giza. Tulipomfikisha, damu ilikuwa imejaa ndani ya jicho na mwanga wa leza haupiti. Tukaambiwa tungoje damu ijisafishe, na isipojisafisha ni upasuaji wa kuondoa ule ute wa ndani ya jicho, ambao haufanywi kila hospitali na haufanywi kwa bei ya debe la kahawa. Jicho la kushoto walilipiga leza wiki hiyohiyo. Hakulalamika hata kidogo. Aliuliza tu kama kifaa kimeshafika nchini.

Ngoja, haijaisha. Siku hiyo ya leza nikamshika mkono tushuke stendi apate gari ya Kibosho. Amevaa miwani myeusi, anapapasa ngazi kwa mguu kwanza. Pembeni pale kuna kijana ana meza, spika na vichupa vya matone ambavyo lebo zake zimebanduliwa nusu. Na katikati ya meza, Mhariri, upo ukurasa wako wa mbele, umefunikwa nailoni ngumu kama cheti cha ndoa. "Shikamoo mama. Huyo mzee nilivyomwona anavyotembea, hiyo ni retina." Neno retina amelipata kwako! Nikamuuliza kichupani mna nini. "Ni teknolojia ileile ya kichipu, mama, ila hii ni ya maji. Imeandikwa gazetini, soma mwenyewe." Elfu kumi na tano. Nilipogeuka, shemeji ameshatoa pochi.

Na tukiwa hapohapo kwenye spika, ni nani aliyeruhusu haya mambo? Ukipanda Coaster ya Arusha, hamjafika hata Boma Ng'ombe ameshasimama mtu na begi, anasalimia abiria kwa jina la Bwana, halafu anatoa dawa moja inayotibu vidonda vya tumbo, presha, meno, nguvu za kiume na "macho yenye ukungu". Kondakta anamjua, dereva anapunguza redio ili asikike. Siku nyingine wanasimika hema, wanatangaza vipimo vya macho bure, unasomeshwa herufi za ukutani na kutoka na miwani ya kusomea, nyuma ya jicho hakuna aliyechungulia. Mwenye sukari anaondoka akijua amepimwa. Lakini nitamlaumuje mtu wa begi wakati wewe mwenyewe, katika toleo lilelile la kichipu, kurasa chache mbele, umechapisha tangazo la mtaalamu wa tiba asilia "anayeondoa kisukari na giza la macho kwa siku saba", pamoja na namba ya simu? Kwake mlikuwa na nafasi ya kutosha.

Mngetaka utafiti wa retina, upo, tena mwingine umetufaa sisi wenyewe. Mwaka 1972 Marekani walianza kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,700 wenye sukari iliyoshika macho. Kila mmoja alipigwa leza jicho moja, la pili likaachwa. Kufikia 1976 tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba walibadili utaratibu ili na macho yaliyoachwa yatibiwe, kwa sababu leza ilikuwa imepunguza hatari ya kupofuka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo leza aliyoikimbia shemeji. Au chukueni dawa ya Avastin. Ilitengenezwa kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 daktari mmoja wa Miami, Philip Rosenfeld, akaanza kuidunga kidogo kwa sindano ndani ya jicho kuzuia mishipa inayovuja, kwa takriban dola 50 kwa dozi, wakati Lucentis, dawa dada yake iliyokuja mwaka uliofuata kwa ajili ya macho, iliuzwa kama dola 2,000. Ikabidi serikali ya Marekani igharamie jaribio la kuzilinganisha, na mwaka 2011 matokeo yakaonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja zinakwenda sawasawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza Avastin, kwa jina lake la kitabibu bevasizumabu, katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Kisa kina pesa, ubishi na makampuni makubwa, na mwisho wake mgonjwa maskini anapata sindano. Mwandishi gani wa habari anaacha kisa kama hicho? Uskochi nako, mwaka 2024, kidonge cha zamani cha kupunguza mafuta kwenye damu, fenofibreti, kilipunguza kwa asilimia 27 kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa wenye kisukari. Sikuona hata mstari mmoja kwenu. Kidonge hakina picha nzuri, nadhani.

Na mkipenda vichipu, basi malizieni hadithi yake. Kabla ya PRIMA kulikuwa na Argus II ya kampuni ya Second Sight, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Watu zaidi ya 300 duniani walipandikizwa. Kampuni ikayumba kifedha, ikaacha kukitengeneza, na wengine wakabaki na chombo ndani ya jicho ambacho kikiharibika hakuna wa kukitengeneza. Fikiria hilo limpate mtu wa Kibosho, halafu mwambie apige huduma kwa wateja California.

Siombi mradi wala semina hotelini Arusha. Naomba kisanduku. Kila mnapochapisha habari ya tiba mpya, wekeni chini yake kisanduku cha mistari minne: ugonjwa gani hasa, wamejaribiwa wangapi, inapatikana wapi, bei gani. Mfano (idadi ya waliojaribiwa mtaijaza wenyewe): Luxturna, dawa ya upofu wa kurithi unaotokana na hitilafu ya jeni moja iitwayo RPE65, imeidhinishwa Marekani tangu 2017, dola 850,000 kwa macho mawili, yaani zaidi ya shilingi bilioni mbili. Msomaji akifika mstari wa nne atarudi mwenyewe kuitafuta kadi yake ya kliniki. Mstari wa tano nitauandika mimi bure: mwenye sukari apimwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa kuwa ugonjwa huu hauumi mpaka umeshaharibu.

Huyo mwandishi wenu mleteni Moshi. Atiwe matone ya kupanua mboni saa tano asubuhi, halafu apelekwe Soko la Mbuyuni jua la saa sita akasome kichwa chake cha habari. Nauli ya Coaster nitalipa mimi, dawa za njiani atanunua mwenyewe.

Na mkiniambia nafasi ya kisanduku haipo, ile picha ya kiongozi akikata utepe mnayoiweka kila Jumatatu ikipunguzwa sentimita sita upande wa utepe, kitatosha.

Muuguzi mstaafu,
Majengo, Moshi