Shukrani kwa kijana aliyesimama chini ya mwembe wangu, Kinyerezi

Mwanangu, sikukuuliza jina. Jumamosi ile mlipopita nyumba kwa nyumba mkikagua miti na magugu, wenzako walitangulia, wewe ukabaki. "Shikamoo mama, naomba nipasue embe hili moja." Ndani, funza watupu. Miaka mitatu nimelaumu mvua, dodo zangu zikianguka ovyo, nami nazifagia na kuzitupa kwenye shimo la taka lililo wazi.

Ukanionyesha vitundu kwenye ganda. Nzi wa matunda, mgeni kutoka Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutaga ndani ya tunda, funza hushuka udongoni, kisha hutoka nzi wapya. Kumbe shimo langu ndilo lilikuwa likiwalea! Ukashika jembe mwenyewe, ukachimba kina cha nusu mita, tukafukia yote. Nauli ukakataa, chai tu ulikunywa.

Majirani wawili nao sasa wanafukia. Na lile gugu karoti, gugu vamizi la maua meupe ulilonieleza, nalitafuta uani kila asubuhi, sijaliona.

Mungu akutunze, mwanangu. Ukipita tena piga hodi, dodo la kwanza lililo zima ni lako.